Nyanya ekari moja, maji ya zamu: je, niweke umwagiliaji wa matone?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa nyanya, nina ekari moja Mbuguni, chini ya Usa River. Maji ya mfereji tunayapata kwa zamu. Yangu ni mara moja kwa wiki, kwa muda wa saa sita. Kiangazi hiki nyanya nyingi zimeoza kitako na nyingine zimepasuka. Muuzaji wa pembejeo Arusha mjini ananishauri niweke matone ekari nzima, yaani mipira yenye matundu yanayodondosha maji kwenye mimea, pamoja na tanki la lita 5,000, anasema nitapunguza maji kwa nusu. Akiba ninayo. Lakini jirani yangu alifunga mipira hiyo na sasa imekunjwa bandani. Ninunue au nisinunue?

JIBU: Marahaba, mama. Kwa hali uliyonieleza, usinunue bado.

Matone yenyewe hayana ubaya. Katika njia zote tunazotumia huku kwetu, ndiyo inayofikisha sehemu kubwa zaidi ya maji kwenye mizizi. Tatizo ni kwamba matone yanataka maji kidogo kila siku, na mfereji wenu unakupa maji mengi mara moja kwa wiki. Hivyo viwili havipatani mpaka pawepo mahali pa kuyatunza maji katikati, na tanki la lita 5,000 halitoshi kuwa mahali hapo. Tupige hesabu, maana hapa ndipo akiba za wakulima wengi zinapozama.

Wakati wa kiangazi, nyanda za chini za Meru, shamba la nyanya lililofunga majani na kubeba matunda linatumia maji ya milimita 5 hadi 6 kwa siku. Sehemu inanywewa na mmea, sehemu inakaushwa na jua na upepo kutoka kwenye udongo. Milimita moja ikitandazwa kwenye ekari nzima ni lita 4,000 na kidogo. Kwa hiyo ekari yako inadai lita 20,000 hadi 24,000 kila siku. Tanki hilo ungelijaza mara nne au tano kwa siku. Kwa maji gani, siku zile sita ambazo mfereji uko kwa wenzako? Miche ikiwa michanga mahitaji ni madogo, ndiyo maana wiki za mwanzo mfumo wa namna hii huonekana unafanya kazi vizuri. Unakuja kushindwa maua yanapotoka na matunda yanapofunga, na huo ndio wakati ambao nyanya haivumilii kiu hata kidogo.

Kuhusu kupunguza maji kwa nusu, makadirio ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yanayotumika sana ni haya: ukipitisha maji juu ya ardhi kwa mifereji, asilimia 60 hivi ya maji yaliyofika shambani ndiyo yanayoufaa mmea, na kwa matone ni asilimia 90. Kutoka 60 kwenda 90, maji unayohitaji kuyaleta shambani yanapungua kwa theluthi moja. Theluthi ni kubwa, lakini si nusu. Na nyanya haiwi na kiu ndogo kwa sababu imewekewa mpira. Kinachopungua ni maji yanayozama chini ya mizizi na yale yanayotoka nje ya shamba.

Sasa twende kwenye zamu yako, kwa sababu nadhani dawa ya nyanya zako iko hapo.

Kwanza ujue unapata maji kiasi gani. Chagua sehemu ya mfereji iliyonyooka, karibu na mahali maji yanapoingia shambani kwako. Pima mita 10 kwa kamba. Pima upana wa maji na kina chake. Dondosha kijiti au ganda la chungwa katikati ya mkondo, uhesabu sekunde mpaka lifike upande wa pili. Rudia mara kadhaa upate wastani. Gawanya mita 10 kwa sekunde hizo, kisha zidisha kwa 0.7, kwa kuwa maji ya juu katikati hukimbia kuliko yale ya chini na ya kando. Halafu zidisha kwa upana na kina, vyote vikiwa kwa mita. Tuseme maji yana upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 10, na kijiti kimetumia sekunde 35. Jibu ni lita 10 kwa sekunde, yaani lita 36,000 kwa saa. Kwa saa sita ni lita 216,000.

Ukizitandaza hizo kwenye ekari yako ni milimita 53. Mahitaji ya nyanya kwa siku saba, tukichukua milimita 5.5 kwa siku, ni milimita 38 au 39. Kwa hiyo mkondo wako ukikaribia huo wa mfano wangu, maji unayo. Yanayokushinda ni kuyafikisha kwenye mizizi na kuyabakiza pale. Asilimia 60 ya milimita 53 ni 32, hazitoshi. Ukifika asilimia 75 unapata karibu 40, na zinatosha bila kununua mpira hata mmoja.

Jambo la pili ni udongo, na hili muuzaji hakukuuliza kabisa. Udongo ni kama debe: ukishajaa, kinachozidi kinamwagika, ila huku kinamwagikia chini usikokuona. Mizizi ya nyanya inayofanya kazi kubwa iko kwenye sentimita 60 za juu. Udongo tifutifu hushika takriban milimita 90 za maji yanayoweza kunyonywa katika kina hicho. Lakini nyanya haitakiwi iyamalize yote. Ikishatumia asilimia 40 inaanza kuumia hata kama majani hayajanyauka. Kwa hiyo nafasi halisi ya kujaza ni milimita 36 hivi, na akiba hiyo inamalizika baada ya siku sita na nusu. Zamu ya wiki moja kwenye tifutifu inakaribia sana kufaa. Mfinyanzi unabeba zaidi kidogo, unaweza kufika siku ya nane. Kichanga hakifiki hata siku ya nne.

Ona basi kinachotokea kama shamba lako lina kichanga. Jumatatu unaleta milimita 53 mahali penye nafasi ya 19 au 20. Nyingi zinazama, zikienda na mbolea ya urea na CAN uliyoweka wiki hiyo. Alhamisi mmea una kiu. Jumapili umeteseka siku tatu. Jumatatu unaugharikisha tena. Nyanya inayoishi hivyo huoza kitako na kupasuka. Kuoza kitako ni upungufu wa kalsiamu ndani ya tunda, na kalsiamu husafiri na maji kutoka mizizini. Udongo ukikauka safari inakatika, hata kama kalsiamu imejaa shambani. Kwa hiyo usikimbilie chupa ya kalsiamu ya kupulizia kabla hujarekebisha maji. Kupasuka nako kunatokana na hali hiyo hiyo: ganda limekomaa katika ukame, maji yakaja ghafla, nyama ya ndani ikavimba kuliko ganda.

Kama ndivyo ilivyo, kuna hatua moja isiyo na gharama ya vifaa ambayo ningeianza kesho. Nenda kwa mwenyekiti wa mfereji na mgawa maji, uombe saa zako sita zigawanywe mara mbili: saa tatu leo, saa tatu nyingine baada ya siku tatu au nne. Maji ni yale yale, haki ya mwenzako haiguswi, ila udongo wako unayapokea kwa kiasi unachoweza kukishika. Mtakutana na kipingamizi kimoja cha kweli, nacho ni kwamba kila zamu inapoanza, mfereji mkavu hunywa maji kwanza kabla hayajakufikia. Kwa hiyo usiombe peke yako. Tafuta jirani mnaepakana upande huo huo, mbadilishane naye nusu kwa nusu, ili maji yakishafika upande wenu yawahudumie wote wawili. Mkishakubaliana nyinyi wawili, mgawa maji hana sababu kubwa ya kukataa.

Utajuaje una udongo gani, na maji yanafika wapi? Tafuta nondo nyembamba yenye urefu wa mita moja, iwe na mpini wa kukingama juu. Siku moja baada ya kumwagilia, ikandamize ardhini kwa mikono, bila nyundo. Penye unyevu inapita, ikifika pakavu inagoma. Fanya hivyo kichwani mwa matuta, pale maji yanapoingilia, kisha katikati na mwishoni. Ikizama sentimita 80 kichwani na 25 mwishoni, umeshaiona hasara yako kwa macho. Siku moja kabla ya zamu ijayo chimba kwa jembe hadi sentimita 30, fumbata udongo mkononi. Kama unafinyangika na kubaki bonge, mmea hauna kiu bado. Ukimeguka kabla hujaufumbata vizuri, umechelewa. Wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi mkoani Iringa walipewa kifaa kinachoitwa Chameleon, kinachoonyesha rangi ya bluu udongo ukiwa na maji ya kutosha, kijani ukiwa wastani na nyekundu ukikauka. Walipoanza kukitazama, wengi walipunguza mara za kumwagilia, kwa sababu waligundua walikuwa wanaleta maji mahali palipokuwa bado na maji. Nondo na jembe haviko sahihi kama kifaa hicho, lakini vitakupa jibu linalotosha kuamua.

Sasa kuhusu kuyapitisha maji. Kosa ninaloliona mara nyingi huku chini ni kuyafungulia maji matuta ishirini kwa pamoja, kisha mtu anakaa kivulini akisubiri. Lita 10 kwa sekunde zikigawanywa kwa vifereji ishirini, kila kimoja kinapata nusu lita. Maji yanatambaa. Yakifika mwisho, kichwani yameshazama kupita mizizi yote. Fungulia vifereji sita hadi vinane kwa wakati mmoja, kila kimoja kipate lita moja na robo au zaidi kidogo. Kanuni inayonisaidia ni ya robo: kama kifereji kinahitaji saa moja ya maji ili udongo ulowe vya kutosha, maji yafike mwisho ndani ya dakika 15. Yakishafika, punguza mkondo, mengine yapeleke kwenye vifereji vinavyofuata. Kama ardhi yako ina mteremko mkali, angalia maji yasichimbe. Ukiona yanabeba udongo, punguza. Kama vifereji ni virefu kupita mita 50 na udongo ni wa kichanga, vikate katikati kwa mfereji mdogo wa kukingama, umwagilie nusu mbili. Ni kazi ya kibarua wa siku moja au mbili, na inaleta faida kuliko kitu kingine chochote nilichokitaja hapa isipokuwa ule mgawanyo wa zamu.

Ukipewa zamu ya usiku, usiifungulie ukaenda kulala. Maji ya usiku ni bora kwa kuwa jua haliyakaushi, lakini yasipokuwa na mtu yanaishia barabarani.

Kuna njia ya kupokezana pia: unamwagilia kifereji kimoja, unaruka kinachofuata, zamu ijayo unageuza. Kwenye mfinyanzi na tifutifu maji yanasambaa kwa pembeni, kwa hiyo mmea unapata kutoka upande mmoja, na unaokoa maji mengi bila mavuno kuanguka sana. Itumie wiki ambazo mfereji umepungua. Kwenye kichanga usijaribu, maji yanakwenda chini moja kwa moja.

Matandazo usiyaache. Mabua ya mpunga, nyasi kavu zisizo na mbegu, chochote kinachofunika tuta. Mwezi wa tisa na wa kumi upepo wa huko kwenu unakausha udongo wazi kwa siku mbili. Na mbolea ya kukuzia iwekwe kidogo kidogo baada ya maji kutulia, isiwekwe jioni ya kuamkia zamu kubwa.

Baada ya hayo yote, matone yana nafasi? Yana nafasi, na ningependa ufike huko, ila kwa mpangilio huu. Ukiwa na kisima au chanzo unachoweza kuvuta maji kila siku, anza na robo ekari. Robo ekari inahitaji lita 5,000 hadi 6,000 kwa siku wakati wa matunda, na hapo tanki la lita 5,000 ndipo linapopata maana yake. Ukiwa huna chanzo cha kila siku, kitu cha kununua kwanza ni bwawa. Kwa ekari nzima ungehitaji bwawa la lita 170,000 hivi ili kukuvusha wiki nzima, kwa nusu ekari nusu yake. Bwawa lenye mita 12 kwa 10 na kina cha mita moja na nusu lingebeba lita 180,000 kama kuta zingekuwa wima. Kuta hulazwa zisibomoke, kwa hiyo juu lazima liwe pana zaidi ya hapo. Litandikwe nailoni nzito ya mabwawa, kwa sababu udongo mtupu wa huko utayanywa maji yote. Liwekewe uzio imara kabla halijajazwa, watoto na mifugo wapo. Maji yatakayokauka juani ni lita 700 au 800 kwa siku, ni kidogo ukilinganisha na mahitaji. Wazo hili si la kigeni. Upareni wameishi na ndiva, yaani mabwawa madogo ya jadi, kwa vizazi vingi, wakikusanya maji ya usiku ili asubuhi yatoke na nguvu ya kufika mashambani.

Bwawa linafanya kazi nyingine ambayo huenda ndiyo iliyomshinda jirani yako: linatuliza tope. Maji ya mfereji hubeba udongo laini, na tundu la mpira wa matone ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Bila chujio, mipira huanza kuziba ndani ya msimu mmoja, mistari ya mwisho ikianza. Usikubali kufungiwa mfumo usio na chujio cha diski au cha wavu chenye matundu ya maikroni 130 au chini yake, na ukioshe kila siku unapomwagilia. Mwisho wa kila mpira uwe unafunguka, usafishwe kila wiki mpaka maji yatoke meupe. Muulize pia muuzaji mpira wake unahitaji presha gani. Tanki lililoinuliwa mita mbili linatoa presha ya 0.2 ya baa tu. Mipira mingi imetengenezwa kwa baa moja au karibu na hapo. Ukiilisha kwa presha ndogo, mimea ya karibu inakunywa na ya mbali inakaushwa. Ipo mipira ya presha ndogo, ila iwe mifupi na shamba ligawanywe vipande vyenye koki zake.

Kabla ya kununua chochote cha matone, peleka maji yakapimwe chumvi. Maji mengi yanayoshuka Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano na yana magadi. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo kiangazi, hilo ni onyo. Nyanya huanza kupoteza mavuno maji yakizidi 1.7 kwenye kipimo cha chumvi cha desisimensi kwa mita, na kitunguu, kama unakizungusha na nyanya, huanza mapema zaidi, kwenye 0.8. Matone husukuma chumvi hadi ukingoni mwa duara lenye unyevu, na mvua ya kwanza ya vuli huirudisha kwenye mizizi. Siku hiyo inyeshapo mvua ndogo, endelea kufungulia matone.

Jambo la mwisho linawahusu walio chini yenu. Maji yanayotoka mwishoni mwa shamba lako yanaokotwa na mtu mwingine, au yanarudi mto Kikuletwa na kwenda bwawa la Nyumba ya Mungu. Ukiokoa theluthi kisha ukaongeza ekari ya pili kwa maji hayo hayo, shamba lako limenufaika, mto haujapata kitu, na mkulima wa chini yako amepungukiwa. Kwa hiyo ukifikia hatua ya bwawa au pampu, lizungumzwe kwenye mkutano wa mfereji kabla hujachimba, na uulize Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani kuhusu kibali. Kuvuta maji ya kumwagilia kutoka mtoni au kisimani kunasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na ni nafuu kuuliza mapema kuliko kuzuiwa bwawa likiwa limeshatandikwa.

Fanya vipimo zamu ijayo, kisha niandikie: upana na kina cha maji, sekunde za kijiti, na nondo ilizama kiasi gani kichwani, katikati na mwishoni. Nikivipata nitakupigia hesabu ya vifereji vyako, na kama bwawa linahitajika, ukubwa wake.